Mtoto ni wa Nani? Historia ya Nyumba za Watoto za Makanisa, Kutoka Pugu na Kisarawe Hadi Kibaha

Katika madarasa yetu ya itikadi tumezoea kuchambua historia ya ardhi, ya mazao ya biashara, ya mishahara na ya viwanda. Malezi ya watoto tunayaacha pembeni, kana kwamba ni mambo ya akina mama na ya watu wa dini yasiyohusu siasa. Huo ni upungufu. Namna jamii inavyomtunza mtoto aliyepotelewa na wazazi huonyesha waziwazi madaraka yako mikononi mwa nani, mali iko mikononi mwa nani, na jamii hiyo inakusudia kumjenga binadamu wa namna gani.

Tuchukue kata moja ya Mji wa Kibaha, tuseme Tangini. Mjumbe wa shina analetewa habari kwamba mama fulani amefariki, baba hajulikani aliko, na watoto watatu wamebaki na bibi asiye na uwezo. Wazee wanakaa kikao. Mara nyingi jibu la kwanza linalotolewa ni kwamba watoto wapelekwe kituoni. Kila mmoja anaridhika, kikao kinafungwa, na watu wanarudi kwenye shughuli zao. Jibu hilo limekuwa jepesi mno vinywani mwetu hata tunadhani ni la asili. Sivyo. Lina historia ya zaidi ya miaka 150 katika pwani hii, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilitendeka katika vilima vya Kisarawe na Pugu na katika mji jirani wa Bagamoyo.

Makada wengi huja Kibaha kusoma, hasa tangu Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere ilipozinduliwa huko Kwa Mfipa mwaka 2022. Ni vema wakajua kwamba nje ya madarasa yao kuna somo lililoandikwa ardhini.

UKOO NA MIPAKA YAKE

Kabla ya misheni, Uzaramo haikuwa na nyumba ya watoto yatima. Haikuhitajika. Wazaramo walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na sauti kubwa juu ya wapwa zake. Mtoto aliyefiwa na baba alibaki na ukoo wake uleule. Mtoto aliyefiwa na mama alikuwa na mama wengine, kwa maana dada za mama yake walikuwa mama zake kwa jina na kwa wajibu. Msichana alipowekwa ndani kuwa mwali, ukoo mzima ulihusika na mafunzo yake mpaka siku ya kutolewa. Uislamu ulipoenea kutoka pwani uliongeza wajibu wa kulinda mali ya yatima, na vyuo vya Kurani viliwafundisha watoto hao pamoja na wenzao, kisha wakarudi kulala majumbani kwao.

Lakini mwanamapinduzi hatakiwi kuipamba historia. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika maandishi yake ya mwaka 1967 kuhusu ujamaa vijijini, alikiri kwamba jamii zetu za jadi zilikuwa na kasoro mbili kubwa: hali duni ya wanawake, na umaskini uliotokana na ujinga na udogo wa shughuli za uzalishaji. Kasoro hizo ziliwaangukia watoto kwanza. Njaa ilipokuja katika nchi za mrima, mtu mzima aliweza kumweka mtoto wa ukoo rehani ili apate nafaka, na rehani isiyokombolewa iligeuka utumwa. Katika njaa ya miaka ya 1830 Wazigua wengi walipelekwa ng'ambo kwa njia ya namna hiyo, na vizazi vyao wapo Somalia hata leo. Mfumo wa ukoo, kwa hiyo, ulikuwa na nguvu penye chakula na amani. Biashara ya watumwa ilipoongezeka katika karne ya 19, iliukuta ukoo mahali ulipokuwa dhaifu.

SOKO LA ZANZIBAR NA SHAMBA LA BAGAMOYO

Nyumba ya kwanza ya watoto ya kimisioni katika sehemu hizi haikuzaliwa na vifo vya wazazi. Ilizaliwa na soko. Mwaka 1860 mapadri wa Kifaransa na masista wa shirika la Mabinti wa Maria walifika Zanzibar kutoka kisiwa cha Réunion. Mwaka 1863 kazi yao ilichukuliwa na mapadri wa Roho Mtakatifu, na mwaka 1868 mapadri hao walivuka bahari na kufungua misheni Bagamoyo. Walinunua watoto sokoni Zanzibar, wakapokea na wengine waliokamatwa na manowari za Waingereza katika majahazi ya watumwa. Watoto hao walitoka mbali: Unyasa, Uyao, Unyamwezi na kwingineko. Hawakuwa na ndugu pwani.

Fedha zilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka kwa shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843, ambalo lilikusanya senti za watoto wa Ulaya kwa ajili ya watoto wa nchi za mbali. Hapa kada hana budi kutazama kwa makini, kwa sababu huu ndio mwanzo wa utaratibu tunaoufahamu hata leo. Msaada ulitolewa kwa kuwahesabu watoto. Misheni yenye watoto wengi ilikuwa na hoja nzito zaidi ya kuomba fedha, na misheni yenye watoto wachache ilikuwa na hoja hafifu. Huruma ya mchangaji ilikuwa ya kweli. Hata hivyo utaratibu wenyewe ulimfanya mtoto awe kipimo cha bajeti.

Watoto wa Bagamoyo walisali, walisoma, walijifunza useremala na uhunzi, na walifanya kazi shambani kila siku. Misheni ilikuwa na shamba kubwa la minazi. Waliokua waliozeshwa wao kwa wao na kuwekwa katika kijiji cha Wakristo kando ya misheni, chini ya kengele na kanuni za padri. Kutoka hapo jozi za vijana zilipelekwa bara kuanzisha vituo vipya, kama Mhonda mwaka 1877 na Mandera mwaka 1881. Wengine walitoroka. Kutoroka huko ni ushahidi wa kihistoria wenye thamani sawa na barua za mapadri, kwa kuwa kunatuonyesha kwamba mtu aliyekombolewa alitaka pia kujiamulia mambo yake.

Je, watoto hao wangekuwa na hali bora zaidi kama wangebaki sokoni? La. Mtu anayekana kwamba misheni iliwaponya watoto wengi na kifo na mjeledi anasema uongo. Jambo tunalolisisitiza ni jingine. Kumtoa mtoto utumwani ni tendo moja, na kumrudishia nafasi yake katika jamii ni tendo la pili. Misheni ilitenda la kwanza. La pili ililibadilisha: badala ya kumrudisha mtoto kwenye jamii, ilimtengenezea jamii mpya ambayo yeye hakuwa na sauti ndani yake.

PUGU 1889: HURUMA NA MIZINGA

Mwaka 1888 wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani walijenga kituo katika vilima vya Pugu, ambavyo leo vimo katika Wilaya ya Ilala, mpakani na Kisarawe. Nao walikusanya watu waliokombolewa utumwani. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilichukua utawala wa pwani kutoka kwa Sultani na kupandisha bendera yake. Watu wa pwani wakaasi. Tarehe 13 Januari 1889 wapiganaji wa vita vya Abushiri walikishambulia kituo cha Pugu. Wamisionari 3 waliuawa na wengine wakatekwa.

Kwa nini misheni ilishambuliwa? Vitabu vya zamani vya Ulaya vilijibu kwa neno moja, ushenzi. Jibu hilo halina maana. Wapiganaji hao walikuwa na mambo yao ya kutetea, na si yote yaliyokuwa mema, kwa kuwa miongoni mwao walikuwemo wafanyabiashara waliotajirika kwa kuchuuza binadamu. Lakini wakulima na vijana waliowafuata waliona jambo lililokuwa wazi: padri na wakala wa kampuni walifika wakati mmoja, kutoka nchi moja, na chini ya bendera moja. Walishindwa kuutenganisha mkono uliopokea mtoto na mkono uliopokea ushuru.

Yaliyofuata Berlin yalithibitisha hofu hiyo. Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie alikuwa amezunguka Ulaya akihubiri vita dhidi ya biashara ya utumwa, na mwezi Oktoba mkutano mkubwa ulifanyika Cologne kwa ajili hiyo. Bismarck, ambaye hakuwa mpenzi wa mapadri, aliiona nafasi. Tarehe 30 Januari 1889, siku 17 baada ya Pugu, Bunge la Ujerumani lilipitisha marki milioni 2 za kumpeleka Wissmann na jeshi lake. Sheria yenyewe ilitaja mambo mawili kwa pamoja: kupambana na biashara ya utumwa, na kulinda maslahi ya Wajerumani katika Afrika ya Mashariki. Jambo la kwanza lilivuta kura za watu wa dini. Jambo la pili ndilo lililotekelezwa kikamilifu. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, na pwani ikawa koloni.

Na utumwa je? Utawala wa Kijerumani haukuufuta. Kati ya mwaka 1891 na 1912 watumwa zaidi ya 50,000 walipata hati za uhuru mmoja mmoja, na sheria ikatamka kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Kufutwa kabisa kulingoja sheria ya Waingereza ya mwaka 1922. Miaka 33 ilipita tangu Bunge la Berlin lilipotoa fedha kwa jina la mtumwa. Kodi ya nyumba, kwa upande wake, haikungojwa muda mrefu namna hiyo: iliwekwa mwaka 1897.

KISARAWE NA LUTINDI

Walutheri wa Berlin nao walikuja na mabadiliko hayohayo. Shirika lao, lililoundwa Berlin mwaka 1886, lilianza kazi Dar es Salaam mwaka uliofuata. Mwaka 1892 lilifungua kituo Kisarawe na kukiita kwa Kijerumani Hoffnungshöhe, yaani kilima cha tumaini. Wakazi wake wa mwanzo walikuwa watumwa waliokombolewa. Mwaka 1895 kilifuata kituo cha Maneromango, na mwaka 1903 vituo vya Uzaramo vilihamishiwa kwa shirika jingine la misioni la Berlin, lililokuwa kongwe zaidi.

Kisarawe inatufundisha jambo la pekee. Wenyeji, Wazaramo, walikuwa na ukoo wao na wengi wao waliendelea kuwa Waislamu. Wageni waliokombolewa hawakuwa na ukoo hapo, hivyo wakawa ndio msingi wa usharika. Kwa muda mrefu kilima cha tumaini kilikuwa kisiwa kati ya watu. Hata hivyo, wamisionari Wajerumani walipoondolewa katika Vita Kuu ya Kwanza, kisiwa hicho hakikuzama. Waalimu Waafrika walikishika. Kati yao alikuwemo Martin Ganisya, mtu aliyekombolewa utumwani, aliyekuwa nguzo ya Walutheri wa Uzaramo katika miaka hiyo migumu. Wale waliohesabiwa kuwa watoto wa misheni walithibitisha kwamba wanaweza kuiongoza bila baba wa Kizungu.

Mfano wa Lutindi, katika milima ya Usambara, unaeleza tabia nyingine ya taasisi za namna hii. Katika miaka ya 1890 Wajerumani wa Kiinjili walijenga hapo nyumba ya watoto waliokombolewa utumwani. Watoto wa namna hiyo walipopungua, nyumba haikufungwa. Mwaka 1904 iligeuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza katika Afrika ya Mashariki, na imeendelea kuhudumia wagonjwa hao hadi leo. Wagonjwa walinufaika, wala hatuna sababu ya kubeza. Lakini kada azingatie utaratibu: majengo yakishasimama, yakishapata wafadhili na watumishi, huwa na maisha yao wenyewe. Mahitaji ya watu yakibadilika, taasisi hutafuta mahitaji mengine ya kuijaza. Pengine mahitaji hayo ni ya kweli, kama yalivyokuwa Lutindi. Pengine mtoto mwenye ndugu huitwa yatima ili kitanda kisibaki kitupu.

KUTOKA KIUNGANI HADI MINAKI

Historia haiendi kwa mstari ulionyooka. Ndani ya jambo moja mna mgongano, na mgongano huo ndio unaolisukuma mbele. Hakuna mahali panapoonyesha hivyo kuliko Minaki, kilomita chache kutoka Kisarawe mjini.

Mwaka 1864 Askofu Tozer wa misioni ya Kianglikana ya UMCA alipewa na Sultani Majid wavulana 5 waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Kwao ilianza shule ya Kiungani, Zanzibar. Mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Mwingine aliyelelewa na misioni hiyo baada ya kuokolewa utumwani, Cecil Majaliwa, akawa padri mwaka 1890, wa kwanza kati ya Waafrika wa UMCA. Kutoka kwenye kundi la watoto wasio na ukoo, Kiungani ikawa chuo cha waalimu na makarani. Mwaka 1925 chuo hicho kilihamia bara, Minaki, kikaitwa Chuo cha Mtakatifu Andrea.

Mkoloni alitaka makarani watiifu, na misheni ilitaka waumini watiifu. Walipata watu waliojua kusoma na kuandika. Martin Kayamba, aliyesoma Kiungani, alianzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali huko Tanga mwaka 1922. Mwaka 1929 ikaundwa African Association Dar es Salaam, na tarehe 7 Julai 1954 ikazaliwa TANU. Wakati huo rais wa TANU alikuwa mwalimu wa shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, katika vilima vilevile vya mwaka 1889. Mwaka 1955, alipotakiwa kuchagua kati ya kufundisha na siasa, Mwalimu Nyerere aliacha kazi na kushuka kilimani kwenda kwa umma.

Tusidanganyike kwa kusema kwamba misheni ilileta Uhuru. Uhuru uliletwa na wakulima, wafanyakazi na wanawake wa nchi hii, ambao wengi wao hawakukanyaga bweni la misheni. Wala tusiseme kwamba misheni ilizaa vibaraka watupu. Ukweli ni kwamba chombo kilichotengenezwa kwa lengo moja kilishikwa na mikono mingine kwa lengo jingine. Hilo liliwezekana pale tu watoto wa taasisi walipotoka nje ya uzio na kujiunga na watu.

MWINGEREZA NA HUDUMA ZA BEI RAHISI

Utawala wa Waingereza ulikuwa na sababu ya kuyapenda makanisa: yalikuwa rahisi. Tangu mwaka 1925 serikali ilianza kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizofuata masharti yake, na kwa namna hiyo ilipata shule nyingi kwa gharama ndogo. Kuhusu watoto ilipitisha sheria ya mwaka 1937 ya watoto na vijana, iliyojishughulisha zaidi na vijana wanaofikishwa mahakamani. Mtoto aliyefanya kosa alikuwa na sheria. Mtoto aliyekuwa na njaa alikuwa na misheni, au hakuwa na kitu.

Matokeo yake ni mgawanyo ambao tuliurithi. Pale penye misheni palikuwa na zahanati, shule na mlango wa kubisha. Pale pasipo na misheni, na hasa katika vijiji vya Waislamu wa pwani, hapakuwa na mlango. Hivyo huduma zilifuata ramani ya dini badala ya kufuata ramani ya mahitaji. Mtu anayeona leo malalamiko juu ya elimu kati ya waumini wa dini mbalimbali ajue kwamba mbegu yake ilipandwa na utawala uliokataa kuwahudumia raia wote sawasawa.

UHURU, AZIMIO NA KIBAHA

Baada ya Uhuru, Kibaha ilipata sura mpya. Nchi nne za Nordiki, yaani Denmark, Ufini, Norwei na Uswidi, zilijenga hapo kituo kikubwa chenye shule ya sekondari, mafunzo ya wakulima na huduma za afya. Tarehe 10 Januari 1970 kituo hicho kilikabidhiwa kwa Tanzania, kikawa Shirika la Elimu Kibaha, likiwa na kazi ya kupambana na ujinga, umaskini na maradhi. Tofauti yake na vituo vya karne ya 19 si kwamba fedha za nje hazikuwemo. Zilikuwemo nyingi. Tofauti ni kwamba tangu mwanzo palikuwa na mkataba na Serikali ya watu, kazi yenyewe iliwalenga wakulima wa eneo zima, na mwisho ulipofika wageni walikabidhi ufunguo.

Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967 liliweka msingi wa jumla. Mwaka 1968 ilitungwa sheria ya kusimamia makao ya watoto, na kwa mara ya kwanza nyumba hizo, za dini au zisizo za dini, zikawekwa chini ya usimamizi wa Serikali. Sheria ya elimu ya mwaka 1969 ilizitaifisha shule, na Pugu na Minaki zikawa za Taifa, zikapokea watoto wa dini zote. Tarehe 16 Oktoba 1970, akizungumza na masista wa Maryknoll huko New York, Mwalimu alilitaka Kanisa lishiriki katika kupigania mabadiliko ya mifumo inayowafanya watu wawe maskini, lisitosheke na kuwapa sadaka. Hoja yake haikuwa kwamba sadaka ni dhambi. Alisema kwamba sadaka isiyogusa chanzo cha umaskini huishia kuuzoea umaskini huo.

Kosa letu wakati huo lilikuwa wapi? Tulifuta mipaka ya dini katika shule, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Kuhusu yatima tulitegemea kwamba kijiji cha ujamaa kitarithi wajibu wa ukoo chenyewe. Katika maandishi kijiji kilikuwa familia kubwa. Katika bajeti mtoto asiye na wazazi hakuwa na fungu lake.

UKIMWI, UCHANGIAJI NA VITUO VIPYA

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waligunduliwa Kagera. Mwaka 1986 Serikali ilitia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mwaka 1993 ulianza uchangiaji wa gharama katika hospitali za umma. Mambo hayo yalikutana katika nyumba moja: wazazi wanakufa wakati huohuo matibabu na shule vinadai fedha. Bibi na shangazi walibeba mzigo. Hata katika miaka mibaya kuliko yote, yatima walio wengi sana katika nchi yetu walilelewa na ndugu zao, si na vituo. Kada asilisahau hilo, kwa sababu picha na mabango hutuonyesha vituo tu, na bibi hana bango.

Makanisa yalirudi kwenye nafasi iliyoachwa wazi. Mwaka 1992 Serikali iliwekeana nayo hati ya makubaliano juu ya huduma za jamii. Mashirika mapya yaliingia pia, ya dini na yasiyo ya dini, na nyumba za watoto ziliongezeka kandokando ya barabara kuu zinazotoka Dar es Salaam, ambako ardhi ilikuwa nafuu na wageni walifika kwa urahisi. Nyingi kati ya hizo zinafanya kazi ya heshima kwa masista na walezi wanaolala wakiwa wamechoka. Lakini utaratibu wa senti za Utoto Mtakatifu nao umerudi: picha ya mtoto, jina lake, mfadhili wake wa mbali, na fedha zinazohesabiwa kwa idadi ya vitanda. Dunia imekuja kutambua, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka wazi, kwamba makao yawe njia ya mwisho, baada ya ndugu na malezi ya kambo kushindikana. Sheria hiyo ilizifuta zile za zamani na kuyaweka makao yote chini ya leseni.

MAFUNZO KWA KADA

Kutokana na historia hii tunapata kipimo. Kipimo hicho si dini ya mwenye nyumba, wala si rangi ya mfadhili. Chama chetu hakina dini, na sista anayemlisha mtoto wa Mwislamu na wa Mkristo katika bakuli moja anafanya kazi ya ujamaa kuliko kada anayehutubia tu. Kipimo ni hiki: je, nyumba hii inamrudisha mtoto kwa watu wake, au inamtenga nao?

Kutokana na kipimo hicho yapo mambo ya kuulizwa katika kila mtaa wenye makao ya watoto. Watoto wangapi wana ndugu walio hai, na ni nani aliyewatafuta? Wanasoma shule moja na watoto wa mtaa, au wamefungiwa ndani ya uzio? Leseni ipo? Afisa ustawi wa jamii anafika, au jina lake linaonekana kwenye daftari tu? Akifikia umri wa kuondoka, kijana anaondoka kwenda kwa nani? Mwulizaji asiende kama polisi. Aende kama jirani, maana mtaa usiofika kwenye makao isipokuwa siku ya sikukuu na mchele wa kupigia picha hauna haki ya kulalamika kwamba watoto wametengwa.

Kisha tujiulize wenyewe. Bibi anayelea wajukuu watatu hakika anahitaji unga, sare za shule na kadi ya matibabu. Mpango wa TASAF wa kuzisaidia kaya maskini umeonyesha kwamba msaada unaweza kumfikia bibi bila kumhamisha mtoto. Kaya hiyo imeandikwa? Kama haikuandikwa, ni kazi ya mjumbe wa shina na mwenyekiti wa mtaa kuisimamia iandikwe, kabla ya mtu yeyote kutamka neno kituo. Makao yabaki kwa ajili ya mtoto ambaye kweli hana mtu, na kwa huyo yawe bora kabisa.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mtoto aliyelelewa kama hesabu ya mfadhili hukua akijua kuomba. Mtoto aliyelelewa na watu wake, hata kwa ugali na mchicha, hukua akijua kwamba ana watu wa kuwadai na wa kuwatumikia. Neno ujamaa linatokana na jamaa. Chama kilicholichagua neno hilo kuwa jina la siasa yake hakiwezi kumwachia mwingine swali la mtoto asiye na jamaa. Wakati kikao cha mtaa kitakapokaa tena, na mtu akasema watoto wapelekwe kituoni, kada aliyepo awe wa kwanza kuuliza: ndugu zao tumewatafuta?